Gesi tumboni miaka mingi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: kuchagua kati ya jiko, duka la dawa na kliniki

Mtu anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huandaliwa vizuri kwa miezi ya mwanzo: huelezwa kuhusu supu, uji mwepesi, kidonda na vidonge vya vitamini. Kinachozungumzwa kwa nadra ni mwaka wa tano au wa nane, uzito ukiwa umetulia na kliniki imesahaulika, pale tumbo linapoanza kujaa gesi kila jioni hadi sketi haifungiki. Mimi nilifanyiwa upasuaji nchini India mwaka 2016, ule ambao wengi huuita baipasi, nikarudi nyumbani Moshi. Rafiki yangu anayeishi Njiro, Arusha, alifanyiwa slivu mwaka uliofuata. Sote wawili tumefikia kusumbuliwa na gesi, lakini si gesi ya aina moja, na baadhi ya yaliyomsaidia yeye yaliniumiza mimi. Nimeandika ulinganisho huu ili anayesumbuka ajue pa kuanzia, asimalize fedha dukani kwa tatizo linalotulizwa jikoni, wala asing'ang'anie jiko kwa tatizo linalohitaji daktari.

Kabla ya kuchagua dawa, jua upasuaji wako na jua gesi yako

Katika slivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha mrija mwembamba, lakini njia ya chakula kuelekea utumbo mdogo hubaki ile ile. Mrija huo hauna nafasi ya kutanuka, kwa hiyo shinikizo ndani yake ni kubwa, na hewa kidogo tu iliyomezwa hurudi juu pamoja na asidi. Ndiyo maana wenye slivu hulalamikia zaidi kubeua na kiungulia.

Katika baipasi hubaki kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, huku sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo ikirukwa. Nyongo na maji ya kongosho hupita njia yao na kukutana na chakula mbele zaidi. Matokeo yake ni kwamba sukari na wanga hufika mbali vikiwa havijameng'enywa vya kutosha, na huko bakteria huvichachusha. Mwenye baipasi, kwa hiyo, husumbuliwa zaidi na gesi ya chini. Waliowekewa puto tumboni wana habari tofauti, kwa sababu puto hutolewa baada ya muda. Kwao sehemu ya jiko hapa chini inatosha.

Gesi ya juu, ile tunayobeua, kwa sehemu kubwa ni hewa ya kawaida tuliyoimeza. Gesi ya chini hutengenezwa na bakteria, na ndani yake kuna haidrojeni, kabonidayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Harufu yake mbaya hutokana na kiasi kidogo sana cha misombo ya salfa. Saa nayo husema mengi. Tumbo likijaa ndani ya nusu saa baada ya kula, shuku hewa iliyomezwa au haraka ya kula. Likijaa baada ya saa mbili au tatu, shuku chakula. Likiwa limejaa tangu asubuhi kabla hujaweka kitu mdomoni, shuku choo kilichokwama au bakteria waliozidi katika utumbo mdogo. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima kwa kutojiuliza swali hili la saa.

Kuna hali moja ambayo haina ulinganisho wowote. Mwenye baipasi akipata maumivu makali yanayokuja na kuondoka, hasa baada ya kula, juu ya kitovu au upande wa kushoto, hata kama hatapiki, anaweza kuwa na ngiri ya ndani: kipande cha utumbo kimepenya kwenye upenyo ulioachwa na upasuaji. Inaweza kutokea miaka mingi baadaye, kwa kuwa mafuta ya ndani yanapopungua upenyo hupanuka, na kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Hali hiyo hutakiwa kuonwa hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha CT na daktari wa upasuaji. Kutapika kusikokoma, choo cheusi kama lami, homa, kushindwa kabisa kupata choo wala kutoa hewa, na kupungua uzito upya bila sababu, vyote ni vya hospitali. Aliyeko Moshi ana hospitali ya KCMC, na aliyeko Arusha ana hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru. Popote utakapofikia, neno la kwanza liwe kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo na ni wa aina gani, kwa sababu kwa macho tumbo lililofanyiwa baipasi halina tofauti na jingine.

Jikoni: namna ya kula au aina ya chakula?

Watu wengi huanza kwa kuacha vyakula. Kwa gesi ya juu huko ni kuanza vibaya. Rafiki yangu wa Njiro alikuwa ameacha maharage, kabichi na vitunguu, na bado alibeua mchana kutwa. Siku moja nilikaa naye wakati wa chakula cha mchana ofisini kwake: alimaliza sahani ndani ya dakika kumi, simu ikiwa sikioni, akashushia maji kwa mrija wa plastiki. Alichobadilisha baadaye hakikumgharimu hata shilingi. Alianza kuweka kijiko chini baada ya kila tonge, akala kwa dakika 20 hadi 30, akasubiri nusu saa ndipo anywe, akaacha mrija, soda na bigijii. Baada ya wiki mbili maharage yalirudi mezani kwake bila tatizo. Mimi niliiga utaratibu huo kwa mwezi mzima. Ulinipunguzia kubeua, lakini jioni tumbo lilijaa vile vile, kwa sababu gesi yangu ilikuwa ya chini.

Kwa gesi ya chini, chakula cha kwanza kuchunguzwa ni maziwa, na hapa kwetu ambako chai ya maziwa ni desturi ya kila asubuhi, ni rahisi mtu asiyahesabu kuwa chakula. Glasi moja ya mililita 250 ina gramu 12 hivi za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika wana upungufu wa laktasi, kimeng'enya kinachoivunja laktosi, na kabla ya upasuaji tumbo lililokuwa likiachia maziwa kidogo kidogo liliuficha upungufu huo. Baipasi huuweka wazi, kwa sababu maziwa hushuka kwa mkupuo. Usijipime kwa jirani wa Monduli anayekunywa maziwa kibuyu kizima akabaki mzima: utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ulioongozwa na Sarah Tishkoff, ulionyesha kwamba miongoni mwa jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, hasa za wafugaji, wapo wenye mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha kumeng'enya laktosi maisha yao yote. Huenda yeye anayo, wewe huna.

Hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kuacha maziwa yote kwa wiki mbili. Ni kipimo kizuri, lakini si maisha mazuri, kwa sababu unapoteza protini na kalsiamu. Ya pili ni kuhamia mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi na huendelea kusaidia kuimeng'enya ndani ya utumbo. Ya tatu ni vidonge vya laktasi, ambavyo hufanya kazi iwapo tu vimemezwa pamoja na funda la kwanza, wala si kila duka la dawa huwa navyo. Kwangu mtindi usiotiwa sukari, kikombe kidogo kwa kijiko, ndio uliotulia. Chai sasa nainywa ya rangi. Vidonge ningempendekezea anayesafiri au anayealikwa mara kwa mara na hawezi kuchagua anachoandaliwa.

Maharage yanahitaji kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu mkoani Kilimanjaro na Arusha hakuna wiki inayopita bila makande, kiburu, au ugali kwa maharage. Gesi yake hutokana na sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hufika zote kwa bakteria. Njia ya kwanza ya kuzipunguza ni kuloweka. Usiku namimina maharage kwenye ndoo yenye mfuniko, nayajaza maji mara tatu ya kimo chake, nayaacha kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Asubuhi nikifunua, maji yamegeuka rangi ya chai, pembeni mwa ndoo kuna duara la mapovu madogo, na harufu imeanza uchachu. Sehemu ya sukari zile imeshatoka na kuingia kwenye maji hayo. Maji hayo nayamwaga kwenye shina la mgomba, nasuuza, nachemsha kwa maji mapya, na yakishachemka dakika kumi nayamwaga tena kabla ya kuivisha kabisa.

Njia ya pili, ambayo mama zetu wengi huipenda, ni magadi. Magadi hulainisha maharage na kuokoa kuni, na ni kweli kwamba baadhi ya watu huyaona ni mepesi zaidi tumboni. Hata hivyo, kwa aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii naona magadi ndani ya sufuria ni chaguo baya: huharibu vitamini B1, ambayo sisi tayari tuko hatarini kuikosa, na huongeza chumvi ya sodiamu. Mama mkwe aliponipikia kiburu chenye magadi sikukataa. Nilikula vijiko vitatu kwa heshima yake, kisha nikamweleza taratibu, na sasa kila nikienda ananitengea ndizi zangu pembeni. Njia ya tatu ni vidonge vya alfa-galaktosidasi, kimeng'enya kinachovunja zile sukari. Hufanya kazi, lakini vikimezwa baada ya kula havisaidii, na mwenye kisukari azungumze na daktari kwanza, kwa sababu sukari iliyovunjwa huingia mwilini. Nikilinganisha zote, ndoo ya kulowekea inashinda kwa bei na kwa usalama.

Kuacha maharage kabisa kuna gharama ambayo watu hawaihesabu. Aliyefanyiwa upasuaji huu anashauriwa kupata angalau gramu 60 za protini kila siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ukiondoa maharage na maziwa kwa pamoja, zilizobaki lazima zitoke kwa samaki, kuku, nyama laini, mayai na dagaa, na si kila kaya inaweza kulimudu hilo mwezi mzima.

Ndizi nazo zina siri iliyonichukua muda mrefu kuigundua. Ndizi mbichi zina wanga usiomeng'enywa kirahisi. Ukizipika wanga huo hupungua, lakini chakula kikipoa na kulala, sehemu yake hurudia ugumu, na kupasha moto hakuuondoi wote. Jambo hilo hilo hutokea kwa wali na viazi. Nilikuwa nikila bakuli dogo la mtori jioni, ukiwa umetoka jikoni, na tumbo likatulia. Asubuhi nikipasha mtori ule ule uliolala kwenye friji, kabla ya saa sita mchana nimejaa. Kwa mtu mwenye utumbo wa kawaida, wanga wa kiporo ni chakula kizuri cha bakteria. Kwangu umekuwa wa kuepuka siku ninapotakiwa kukaa kwenye kikao. Mbege, iliyotengenezwa kwa ndizi na ulezi, huendelea kuchacha hadi kwenye kata, na pombe baada ya baipasi huingia kwenye damu kwa kasi kuliko zamani. Hiyo naona bora iachwe, hata kwenye sherehe.

Wapo watakaokutana na mpango uliotungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unaoondoa kwa pamoja sukari zote zinazochacha kwa urahisi: vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage, maziwa, maembe na vinginevyo, kwa wiki mbili hadi sita, kisha kimoja kimoja kinarudishwa. Mpango huo una ushahidi mzuri kwa wenye utumbo unaosumbuka, na vyakula vyake vinavyoruhusiwa, kama ugali, wali, viazi mviringo, karoti, mayai na samaki, tunavyo tele. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake tayari hufyonza kidogo, ningechagua kuondoa kitu kimoja kwa wiki mbili, na mpango mzima niufanye chini ya mtaalamu wa lishe pekee. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mtu kuondoa vyote, kupata nafuu, na kuogopa kurudisha chochote.

Dukani: vinavyouzwa kwa jina la gesi

Dawa ya kwanza utakayopewa ni simetikoni, vidonge vya kutafuna vyenye miligramu 40 hadi 125. Huunganisha mapovu madogo yawe makubwa ili hewa itoke kwa urahisi, haiingii kwenye damu, na ni salama kwa slivu na baipasi. Haizuii gesi kutengenezwa, kwa hiyo msaada wake ni wa kutuliza. Nina pakiti moja kwenye mkoba na sioni ubaya wa kuwa nayo.

Ya pili ni unga au kidonge cha kuyeyusha kwenye maji kinachotoa povu. Hiki ndicho nilichopewa mara ya kwanza nilipoingia duka la dawa karibu na stendi. Muuzaji aliniambia kwa nia njema, "Mama, hii ikishatoa povu tu, gesi yote inapanda inatoka." Nilikunywa pale pale kwa mkupuo. Povu lile ni kabonidayoksaidi, yaani gesi mpya, nami nilikuwa nikiimimina kwenye kifuko kisichozidi kikombe cha kahawa. Ndani ya dakika tano nilihisi kama ngumi imenisukuma chini ya mbavu, jasho likanitoka usoni, nikakaa kwenye benchi la duka huku muuzaji akinipepea kwa boksi la dawa. Mwenye tumbo zima hubeua na kupata nafuu. Mwenye slivu au baipasi asiitumie.

Vidonge vya mkaa huuzwa kama dawa ya asili, na kwa hilo watu huviamini. Ushahidi kwamba hupunguza gesi haueleweki vizuri, lakini tabia yake ya kunasa vitu inajulikana: hunasa pia dawa za uzazi wa mpango, dawa za tezi na vitamini tunazozitegemea. Zaidi ya hayo, mkaa hufanya choo kuwa cheusi, na choo cheusi ndiyo ishara ya kidonda kinachovuja damu pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Sioni sababu ya mtu wa baipasi kujiondolea ishara hiyo.

Mafuta ya mnanaa yaliyo kwenye vidonge vyenye ganda husaidia utumbo unaokakamaa, lakini hulegeza mlango wa juu wa tumbo. Kwa mwenye slivu anayeungua kifua ni kuongeza moto. Tangawizi kidogo kwenye maji moto huwasaidia baadhi, hasa wenye tumbo linalochelewa kusukuma chakula, na haina gharama. Kutembea dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni kumenisaidia kuliko vyote viwili.

Vitu tunavyovimeza kila siku bila kuvishuku

Sehemu hii ndiyo ningependa kila mmoja aisome mara mbili, kwa kuwa gesi nyingi za miaka ya baadaye hutoka kwenye vitu tulivyoandikiwa au tulivyovizoea. Kalsiamu huuzwa kwa namna mbili. Kalsiamu kaboneti ni ya bei nafuu na hupatikana kila mahali, lakini huhitaji asidi ya tumbo ili ifyonzwe, huleta gesi na kufunga choo. Kalsiamu sitrati ni ghali zaidi na huenda ukalazimika kuiagiza, lakini hufyonzwa hata asidi ikiwa kidogo na tumbo huivumilia vizuri. Kwa mwenye baipasi, hapa fedha ya ziada ina maana. Madini ya chuma nayo hufunga choo, na hayatakiwi kumezwa pamoja na kalsiamu. Yatenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Choo kinapokaa, bakteria huendelea kukichachusha, na mtu hutafuta dawa ya gesi ilhali anahitaji maji ya kutosha, mboga za majani zilizopikwa, na pengine dawa ya kulainisha choo.

Wenye kisukari wanaotumia metformini wajue kwamba gesi na kuharisha ni madhara yake ya kawaida, na kwamba ipo aina inayoachiliwa taratibu ambayo huwasumbua watu wachache zaidi. Mazungumzo hayo ni ya daktari. Usiikate dawa mwenyewe.

Jingine nilijifunza barabarani. Kwa miezi kadhaa kila niliposafiri kwenda Arusha, safari ya kilomita 80 hivi, nilifika nikiwa nimejikunja. Tulipotoka Boma Ng'ombe nilikuwa mzima, tukifika Usa River tumbo limeshaanza kuvuta, na Tengeru nilikuwa nimefungua kifungo cha sketi chini ya kitenge. Nililaumu mashimo ya barabara, nikalaumu kifungua kinywa. Siku moja gari likiwa limesimama kwenye foleni niliisoma pakiti ya bigijii isiyo na sukari niliyokuwa nikitafuna tangu stendi ili nisile hovyo: sorbitoli, ziilitoli, manitoli. Hizo ni tamu zisizofyonzwa vizuri, na bakteria huzishangilia; kutafuna kwenyewe nako kunamezesha hewa. Nilikuwa najipatia gesi ya juu na ya chini kwa pamoja. Zimo pia kwenye vitamini za kutafuna, biskuti za wenye kisukari na baadhi ya dawa za kikohozi.

Kliniki: bakteria rafiki au antibiotiki?

Ikiwa umejirekebisha jikoni kwa mwezi mmoja, umekagua vidonge vyako, na bado tumbo linaamka limejaa, usiendelee kujaribu. Katika mazingira yetu kipimo cha kwanza kuomba ni cha choo, kwa bei ndogo, kwa sababu vimelea vya jiadia na amiba huleta gesi, mbeuo wenye harufu ya mayai viza, na hata kumfanya mtu ashindwe maziwa kwa wiki kadhaa. Kinachofuata hutegemea dalili: kipimo cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, picha ya ultrasaundi kutazama mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huwapata wengi waliopungua uzito haraka, na endoskopi, yaani kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni. Choo chenye mafuta kinachoelea na kunuka sana ni ishara kwamba mafuta hayafyonzwi, na hiyo haitibiwi kwa dawa ya gesi.

Kwa mwenye baipasi, daktari anaweza kushuku kwamba bakteria wamezidi katika utumbo mdogo. Kipimo chake ni cha pumzi, kinachopima haidrojeni baada ya kunywa sukari maalumu, na kisipopatikana baadhi ya madaktari hutibu kwa kuangalia dalili na damu. Vitamini B12 iliyoshuka huku foleti, vitamini nyingine ya kundi B, ikiwa juu ni dokezo muhimu, kwani bakteria hao hula B12 na kutengeneza foleti. Matumizi ya muda mrefu ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, huwaongezea nafasi, kwa sababu asidi ndiyo iliyokuwa ikiwazuia.

Hapa uchaguzi ni kati ya vidonge vya bakteria rafiki na antibiotiki. Bakteria rafiki wana matokeo yanayotofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kama hujaona mabadiliko baada ya wiki nne, acha kuvinunua. Kati ya antibiotiki, rifaksimini, ambayo mara nyingi hutolewa miligramu 550 mara tatu kwa siku kwa siku 14, hubaki zaidi ndani ya utumbo na madhara yake ni machache, ila bei yake inaumiza. Metronidazoli ni rahisi na ipo kila kona, lakini huacha ladha ya chuma mdomoni, huleta kichefuchefu, haiendani na pombe, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuumiza neva za miguu, ambazo kwetu tayari ziko hatarini kwa upungufu wa B12. Kwa sababu ya urahisi wake ndiyo inayonunuliwa bila kipimo, siku tatu leo na siku mbili mwezi ujao, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote nilizolinganisha hapa.

Ukienda kliniki, nenda na daftari la wiki mbili: saa uliyokula, ulichokula, saa gesi ilipoanza, ni ya juu au ya chini, na choo kilikuwaje. Langu lilikuwa daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa. Daktari alilisoma kimya kwa dakika chache, akaweka kidole kwenye mstari uliojirudia, "asubuhi kabla ya kula", akaniandikia kipimo cha B12 kabla ya dawa yoyote. Ilikuwa chini. Nilichagua rifaksimini, nikaomba mchango wa dada zangu wawili kuilipia, na B12 ikaanza kwa sindano. Siku ya kumi niliamka tumbo likiwa bapa kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia. Gesi ilirudi baada ya miezi minane, hafifu zaidi, kama daktari alivyonitahadharisha kwamba utumbo uliopangwa upya hubaki hivyo, na safari hiyo nilifika kliniki na daftari mkononi kabla sijapita dukani.